Tangazo la Mwaka wa Sabini na Sita

Temeke, Dar es Salaam
12 Januari 1995

Kwako Shangazi Tunu,

Shikamoo. Na Bibi mfikishie shikamoo yake karibu kabisa na sikio la kulia, maana nasikia ndilo lililobaki. Sisi hapa nyumbani kwako ni wazima. Najat amejifungua salama mtoto wa kiume, ana sauti utadhani kazaliwa muadhini. Paa linavuja pale pale unapopajua, nimetegesha karai.

Mie kiwandani nimepunguzwa, pamoja na zamu yetu nzima. Wanasema anakuja mwekezaji. Lakini usisikitike, kwani nimepata kazi nyingine, tena ya kalamu. Mimi na rafiki yangu Gozbert, Mhaya aliyekuwa karani wa stoo, tumeanzisha gazeti. Linaitwa Dirisha. Linatoka kila Jumatano, na ofisi yetu ni chumba kimoja Kinondoni, juu ya saluni ya kina mama. Siku hizi kila mtu ana ruhusa ya kuandika, Shangazi, si kama enzi zenu.

Shida ni kwamba gazeti lina kurasa nane na sisi ni wawili. Tulikwenda kusimama kwenye meza ya Fransis, muuza magazeti wa pale kituoni Tandika, tukasikiliza watu wanataka nini. Kumbe hawaulizi gazeti kwa jina! Mtu anakuja anasema, "Kuna lenye habari za majini?" Mwingine, "Lenye mambo ya mtaji lipo?" Fransis anatazama vichwa vya habari alivyovitundika, na lenye neno hilo ndilo linalouzwa. Yaliyomo ndani mtu atayajua akishafika kwake, na hela tumeshaila.

Ndipo nikakumbuka sanduku lako, lililo chini ya kitanda cha chumba cha mbele. Matoleo yote ya Jirani, lile jarida lenu, yamo, tangu ulipokuwa ukiyapiga chapa pale ushirika. Ni mambo mazuri, yamelala tu. Tunataka kuyahuisha: tarehe mpya, kichwa kipya, na lile neno wanaloliulizia likae juu kwa herufi nene. Ndani tusisumbuke. Kwa mfano makala yako ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, Gozbert ameshaipatia jina: KUKU WALIVYOMTAJIRISHA MJANE WA TANDIKA.

Naomba ruhusa yako na dua zako.

Mwanao,
Nassibu

*

Lindi
9 Februari 1995

Mwanangu Nassibu,

Marahaba. Bibi yako kaisikia salamu yako kwa sikio la kushoto. La kulia ndilo lililokufa. Hilo ni jambo la kwanza katika barua yako, na tayari umekosea, bwana mhariri.

Namshukuru Mungu kwa mtoto. Mwambie Najat asioge maji ya baridi na asimsikilize mumewe. Huku tumo ndani ya Ramadhani. Mie nimefunga kula na kunywa. Ulimi sikuutilia nia, kwa hiyo nivumilie.

Katika makala yangu ya kideri hakuna mjane, hakuna Tandika, na hakuna aliyetajirika. Kuna kuku, nao wanakufa. Niliwaandikia watu wamwendee bwana mifugo wa pale Temeke achanje kuku wao bure. Bwana mifugo huyo keshastaafu, na bure yenyewe mmeifuta ninyi na wawekezaji wenu. Sasa atakuja mama wa watu, kavutwa na utajiri wa mjane, asome mpaka chini, achukue tenga lake la kuku, azunguke Temeke nzima akimtafuta mtu aliyekwenda zake Iringa kulima mahindi. Hiyo ndiyo unaita kuhuisha? Hiyo ni kumvisha maiti shati jipya ukamkalisha barazani awapungie watu mkono.

Zamani tulipotaka kuitoa tena habari ya mwaka uliopita, nilikuwa nikianzia ndani. Naifuata kila sentensi nikiiuliza: wewe bado ni kweli? Ile isiyokuwa kweli naitoa, hata kama ilikuwa tamu. Kichwa nilikiandika mwisho kabisa, tena kwa uchovu. Lakini hayo ni mambo ya enzi zetu, tulipokuwa hatuna ruhusa.

Haya, ruhusa nimekupa, kwa sababu una mtoto na karai la kutegesha. Chukua kuku, chukua vyoo vya shimo, chukua na mapishi ya mihogo. Lakini ukurasa wa mwisho, ule wa Kutafutana, usiuguse. Mle hamna makala, mle mna watu. Walikuja pale mezani kwangu wakilia, nikawapigia chapa matangazo yao: fulani anamtafuta kaka yake, fulani anamtafuta mama. Wengine walipatikana, wengine wamekufa, wengine walichoka kutafuta, na kuchoka ni haki yao. La kwangu mwenyewe limo humo. Unajua nilikuwa nikimtafuta nani: Badru, mume wangu, aliyetoka kwenda kuulizia kazi bandarini na viatu vipya nilivyomnunulia mie.

Usiuguse, Nassibu. Sisemi mara ya pili.

Shangazi yako,
Tunu

*

Temeke
24 Machi 1995

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na natumaini Idi iliyopita ilikuwa njema kwenu. Sikio la Bibi nimelisahihisha kichwani. Najat na mtoto wamekwenda kwao Madale kupumzika kidogo, hakuna ugomvi, ni hewa tu ya kule vilimani. Karai limejaa, masika yameanza mapema.

Dirisha linakwenda, Shangazi! Usingeamini. Vyoo vya shimo tulivipa jina YALIYOMKUTA SHIMONI na Fransis aliishiwa kabla ya adhuhuri. Mihogo tukaiita CHAKULA KINACHORUDISHA MAPENZI. Kuna mzee alikuja ofisini kutulalamikia kwamba amekula mihogo na mapenzi hayajarudi, lakini alinunua nakala nyingine papo hapo ili ahakikishe. Siku hizi watu wanatufuata mpaka ofisini. Gozbert anasema hiyo ndiyo dalili ya gazeti lililo hai.

Ukurasa wa mwisho usiwe na wasiwasi nao, vitu vya kujaza havikosekani.

Hapa nyumbani tumepata mgeni. Mtu mzima, mtulivu, yuko chumba cha mbele kwa sasa. Sanduku lako nimelihamishia jikoni, liko salama, nimelifunika turubai. Halafu nilitaka kukuuliza kitu, nauliza tu, usifikirie mbali: hivi yule Mzee Badru alikuwa mpenzi wa chai ya tangawizi?

Nisalimie Bibi.

Mwanao,
Nassibu

*

Lindi
2 Mei 1995

Nassibu,

Barua yako ya Machi imefika jana. Mto Rufiji ulifurika, kivuko kikasimama, magari yakalala Ndundu siku nyingi. Lakini gazeti lako lilitangulia. Lilikuja kwa meli mpaka Mtwara, likapanda hadi huku mkononi mwa Avelina, anayeuza mitumba sokoni. Ruhusa imewafikia hata samaki wa baharini, sembuse mie.

Bibi yako hajambo. Nakwambia hilo mapema kwa sababu sina salamu nyingine.

Wameanza kuja wanawake. Wa kwanza alikuja na sahani ya visheti, akanikumbatia mlangoni, akasema, "Bi Tunu, kumbe bado unamngoja. Tulikuwa tunakuona una dharau, kumbe ni donda." Wa pili akaniletea jina la mganga. Wa tatu alikuja kunitazama tu, kama watu wanavyokwenda kutazama ajali. Mwishowe Avelina akanionea huruma, akanipa gazeti lenyewe nijisomee pale kwenye mitumba yake. MKE AMLILIA MUME: RUDI, NYUMBA NI YAKO! Chini yake tangazo langu la mwaka wa sabini na sita, neno kwa neno, na tarehe ya mwezi wa pili mwaka huu. Nimelisoma nimesimama katikati ya sketi za Wazungu. Nalinakili hapa, ujue kwamba nalijua kwa moyo:

"Badru bin Salum, popote ulipo, rudi. Sina kinyongo. Yote nimesamehe. Mlango uko wazi na nyumba ni yako. Mtoto anakuulizia kila siku. Mkeo, Tunu, Temeke."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoyapiga chapa maneno hayo, na machozi yalikuwa yakidondokea mashine. Sioni haya kusema. Ninaloonea haya ni kwamba mtoto wa kaka yangu, niliyempikia uji, ameyatundika kituoni Tandika yauze gazeti.

Tarehe umebadilisha. Kichwa umebadilisha. Mstari wa mtoto umeuacha. Wewe ulikuwa mkubwa tayari, Nassibu. Ulitembea nyuma ya jeneza la binti yangu Lulu ukiwa umeshikwa mkono na baba yako, masika ya sabini na saba, surua ilipopita Temeke ikawabeba watoto kila nyumba. Ulilia mpaka ukatapika. Unajua kama mie ninavyojua kwamba hakuna mtoto anayeuliza. Na bado mstari umeuacha. Nimeumia, na sina namna ya kukuandikia jambo hilo kwa utani.

Sasa nijibu swali lako ulilouliza tu. Badru alikuwa akinywa chai ya tangawizi, sukari tele, na akimaliza alikiacha kikombe chini pale pale alipokaa, ili mwanamke apite aokote. Huyo mgeni wako mtulivu anakiacha wapi kikombe?

Tunu

*

Temeke
17 Mei 1995

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kikombe. Anakiacha chini.

Alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, na sanduku la bati. Nilikuwa nje nalisafisha karai. Akasimama, akanitazama, akasema, "We si Nassibu, mjukuu wa Mwalimu? Umekuwa jibaba zima." Akachomoa gazeti letu mfukoni mwa kanzu, akasema, "Nimeitwa."

Nilitaka kumwambia ukweli palepale, wallahi. Lakini majirani walikuwa wameshatoka. Nusu yao wamelisoma, na wengine hawakuwepo hapa mwaka wa sabini na sita, hawajui lolote. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akaleta kiti. Gozbert naye alisema niache kwanza, kwani wiki inayofuata tunaweza kutoa MUME AREJEA, na kweli tulitoa, na kweli liliuzwa. Mstari wa mtoto aliupenda yeye. Alisema bila mtoto, hilo ni tangazo. Likiwa na mtoto, ni habari. Mimi nilijua na nikanyamaza. Hilo ni langu, simsukumii Gozbert.

Nikwambie alikokuwa? Ukonga. Siyo gerezani, Shangazi. Mtaani, na mke na watoto, akiuza mbao. Huyo mke kamtoa nje mwaka jana. Miaka yote ile watu wakimtafuta Mbeya na Zambia, alikuwa mwendo wa nauli moja.

Kuna jingine, na bora ulisikie kwangu. Nilimuuliza amelipataje tangazo. Akacheka, akasema, "Hata lile la kwanza nililiona, mwaka ule ule. Kinyozi ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa bado sijawa tayari. Lakini mwanamke aliyenitangaza mpaka leo, nitamtupaje?" Anadhani umekuwa ukilitoa kila mwaka.

Sasa amekuwa mwenye nyumba. Najat ndiyo sababu alikwenda Madale, alichoka kuagizwa chai. Ameshamleta fundi kupima ukuta wa mbele, autoboe mlango, afungue duka la vipodozi kama wanavyofanya watu wote mtaani. Fundi anaanza mwezi wa saba mwanzoni. Nilikwenda kwa mjumbe wetu, Mzee Kondo, nikamweleza kwamba tangazo ni la zamani, sisi ndio tuliolirudia. Mzee Kondo akasema, "Mie sisomi sanduku, mie nasoma gazeti. Mwanamke kasema mbele ya watu kwamba nyumba ni yake. Maneno ya mbele ya watu hayafutwi chumbani. Kama ana mengine, ayaseme pale pale alipoyasema ya kwanza." Na majirani wote wako upande huo.

Ninaogopa kumalizia. Siku ile ya kwanza, kabla hajakaa, aliuliza, "Lulu yuko wapi?" Nikasema, "Yuko Lindi na mama yake." Ulimi uliniponyoka. Tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi kama Lulu ameandika. Amemnunulia saa ya mkononi, ya kike, ameiweka kwenye boksi lake.

Nitukane, lakini njoo.

Nassibu

*

Lindi
1 Juni 1995

Nassibu,

Siji. Bibi yako siku hizi hainuki bila mkono wangu, na simwachi mama yangu kwa ajili ya mtu aliyeniacha mie. Wala sitakutukana. Nilikuwa nimeyaandaa matusi mazuri, nikafika pale kwenye kinyozi, yakaniishia.

Aliliona. Miaka yote hii nilimtetea moyoni. Nilisema halikumfikia, jarida letu lilikuwa dogo, pengine alikuwa mahali pasipofika jarida, pengine amekufa na hakuna aliyejua pa kuleta habari. Nilimuombea rehema, mjinga mimi. Naye yuko Ukonga, ananyolewa.

Mzee Kondo ana akili kuliko wewe na gazeti lako. Nitayasema pale pale. Naambatanisha tangazo. Ni lile lile la mwaka wa sabini na sita, nimelihuisha. Tazama namna inavyofanywa kazi hiyo, ujifunze: unashika sentensi moja moja, unaiuliza kama bado ni kweli. Utalitoa Jumatano ya mwisho wa mwezi, ukurasa wa mbele, juu, pale Fransis anapotundikia. Kichwa nimekiandika mwisho kama kawaida yangu, lakini nimekuwekea neno wanaloliulizia, ili usilie hasara. Usiongeze koma. Akiongeza Gozbert, mwambie nitakuja huko kwa miguu.

NYUMBA YA TEMEKE: MKE AJIBU MWENYEWE

"Mwaka wa 1976 nilimtangazia Badru bin Salum. Gazeti hili limelirudia tangazo hilo bila ruhusa yangu na kulitia tarehe ya uongo. Lifuatalo ndilo sahihi kwa mwaka huu.

Nilisema mlango uko wazi. Mlango ule ulikuwa wa debe, ulianguka pamoja na nyumba yake ya udongo katika mvua za 1979.

Nilisema nyumba ni yako. Nyumba iliyopo ni ya matofali. Tuliijenga mimi na marehemu kaka yangu, juu ya kiwanja cha kaka huyo, na Badru hakubeba hata ndoo ya maji. Si yako. Anayetaka kuutoboa ukuta wake aje anitoboe mie kwanza.

Nilitia sahihi ya mkeo. Mahakama ya mwanzo ilivunja ndoa yetu mwaka 1981 kwa sababu ulinitelekeza. Uliitwa, hukuja. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kupewa pole.

Nilisema sina kinyongo. Sasa ninacho, tena kipya, nimekipata mwezi uliopita.

Nilisema yote nimesamehe. Nilisamehe niliyokuwa nikiyajua. Kwamba ulilisoma tangazo langu ukakaa Ukonga, hilo sikulijua, kwa hiyo halimo.

Nilisema mtoto anakuulizia kila siku. Alikuulizia mpaka masika ya 1977. Surua ilimchukua. Hakuna anayekuulizia tena.

Tunu binti Mwalimu, Lindi."

Ndiyo, umesoma vizuri, ndoa ilivunjwa mwaka wa themanini na moja. Hata baba yako sikumwambia. Nilikuwa na haki ya kuwa na langu moja.

Shangazi yako

*

Temeke
30 Juni 1995

Kwako Shangazi Tunu,

Shikamoo. Najat amerudi, mtoto ameota jino. Paa nimepanda mwenyewe nikaliziba, sasa karai tunaogeshea mtoto.

Limetoka juzi Jumatano, neno kwa neno. Gozbert alitaka kuondoa pale penye "tarehe ya uongo", nikamwonyesha mlango. Fransis alilitundika juu kabisa, na watu hawakusubiri kulinunua. Kuna dada mmoja alilisoma kwa sauti, kituo kizima kikamzunguka. Alipofika kwenye kinyongo kipya wanawake walipiga makofi. Alipofika mwisho hakuna aliyepiga.

Nilitangulia nyumbani. Mzee Badru alikuwa barazani na chai yake. Kabla sijasema neno, Mzee Kondo aliingia na nakala aliyoinunua mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili, akakaa kumngoja asome. Pale penye ndoo ya maji alicheka, akasema, "Huyu mwanamke na mdomo wake." Penye mahakama akasonya. Halafu akafika chini. Aliurudia ule mstari, midomo ikicheza bila sauti. Akaniuliza, "Si ulisema yuko Lindi?" Nikasema, "Nilikudanganya, Mzee. Nilikuwepo mazikoni." Ni maneno magumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu.

Mzee Kondo akamwambia, "Basi bwana, umeitwa na umejibiwa." Akainuka. Fundi naye, aliyekuwa amekuja kuupima tena ukuta, akakunja kamba yake akaondoka bila kuagizwa.

Mzee Badru aliingia ndani akatoka na sanduku lake la bati. Kikombe alikiokota, Shangazi. Akakipeleka uani, akakisuuza, akakiinamisha juu ya kichanja. Boksi la saa ameliacha mezani. Hakusema anakwenda wapi.

Nilidhani yameisha, lakini leo baada ya swala amekuja tena. Haingii. Amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, watu wakipita wanamsonya. Nilipomfuata alisema kitu kimoja tu: nimwonyeshe kaburi. Nikamwambia siwezi bila idhini yako. Akasema basi atakuja kila Ijumaa. Majirani wanasema nimfukuze, na mimi, kusema kweli, nataka kumfukuza. Sema neno.

Ukurasa wa Kutafutana nimeufuta. Sanduku lako limerudi chumba cha mbele, chini ya kitanda. Gozbert yeye anauliza kama utaruhusu tangazo lako tulitoe tena Jumatano ijayo na tarehe mpya, maana Fransis aliishiwa na watu bado wanaliulizia. Nimeahidi kukufikishia swali, nimelifikisha.

Mwanao,
Nassibu

*

Lindi
10 Julai 1995

Mwanangu Nassibu,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Nilimsomea tangazo kwa sikio la kushoto, akaniambia niliandike tena kwa ukali zaidi. Mtoto akiota jino la pili usinipe habari kwa barua, mlete nimwone.

Mwambie Gozbert hapana. Tangazo linarudiwa pale ambapo halikumfikia mwenyewe. Hili limemfikia. Na lile la mwaka wa sabini na sita nalo kumbe lilimfikia. Mie ndiye nisiyekuwa na habari.

Saa mpe Najat, aivae anapokwenda sokoni, ajue ni wakati gani wa kurudi kukusimamia. Huku usiilete. Sitaki kitu kinachohesabu.

Kuhusu huyo anayesimama ng'ambo ya barabara. Nimekaa na barua yako siku mbili. Nilitaka asimame hapo mpaka aote mizizi, watoto wa Temeke wamfungie mbuzi. Bado nataka. Wala usije ukasema kwa watu kwamba Bi Tunu moyo umelainika, maana haukulainika hata kidogo.

Lakini Ijumaa akija, mwonyeshe kaburi. Liko upande wa kushoto ukishaingia, karibu na la baba yako, lile fupi. Ukifika nalo karibu, wewe simama mbali, usisikilize. Lulu alimuulizia mwaka mzima, asubuhi na jioni, nami sikuwa na la kumwambia. Mpeleke akamjibu.

Shangazi yako,
Tunu